Kumwambia Rafiki Juu ya Vita Vyake

Ijumaa moja ya mwezi wa Februari 2025, tulipokwisha sali na watu wakaanza kutawanyika, vijana watatu walinisubiri chini ya mwembe ulio mbele ya msikiti wetu hapa Kaniha, wilaya ya Biharamulo. Majuma machache kabla ya siku hiyo mji wa Goma ulikuwa umetwaliwa na waasi wa M23, na redio zote zilikuwa na habari hiyo moja tu. Kijana mmoja, asomaye sekondari, akaniuliza: "Mwalimu, Rwanda ni rafiki yetu, na Kongo ni rafiki yetu. Zote mbili zimo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, yatupasa kumwambia rafiki waziwazi ya kwamba vita vyake ni dhuluma, au urafiki watutaka tunyamaze?"

Kabla sijafungua kinywa, mwenziwe akajibu ya kwamba mtu hamvui nguo rafiki yake mbele za watu. Wa tatu akasema ya kwamba rafiki asiyekuambia kweli ni adui aliyevaa kanzu. Wakabishana kwa adabu, wakinitazama niwaamue. Nami, niliyefundisha shule miaka mingi na kuzoea kuwa na jibu la kila jambo, sikuwajibu neno. Nikasema nawahi shamba. Sikuwa nikiwahi shamba wala mahali pengine popote.

Leo nawajibu kwa njia ya gazeti hili, kwa kuwa naamini hawako peke yao katika swali hilo, na kwa kuwa sababu iliyonifunga kinywa siku ile ni sehemu ya jibu lenyewe.

Asiyepajua huku kwetu na ajue kwanza ya kwamba sisi ni watu wa mpakani, ijapokuwa mpaka wenyewe hatuuoni kwa macho. Barabara itokayo Lusahunga kwenda Rusumo hupitisha malori ya mizigo ya Kigali mchana na usiku, na mengine hukata kuelekea Burundi. Katika vijiji vyetu wamo Wasubi, Wahangaza, Waha, Wasukuma waliokuja na mifugo yao, na wamo watu ambao wazazi wao walivuka kutoka Rwanda na Burundi kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Marais wanaposemezana vibaya huko mbali, maneno yao huja kutua katika nyua zetu.

Na walisemezana vibaya mwaka 2013. Mwezi wa Machi mwaka huo, tarehe 28, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la 2098 la kuunda kikosi cha kupigana na makundi ya waasi mashariki ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kundi la kwanza lililokusudiwa ni M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika ya kwamba kundi hilo lasaidiwa na Rwanda. Rwanda yenyewe ikakana. Basi watoto wetu walikuwa wakienda kuhatarisha roho zao katika vita ambavyo rafiki yetu mmoja alishitakiwa kuvichochea.

Miezi miwili baadaye viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa kuadhimisha miaka 50 tangu kuundwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katika kikao kilichozungumza habari za Kongo, tarehe 26 Mei, Rais Jakaya Kikwete alishauri ya kwamba kama Kongo yaambiwa izungumze na M23, basi Rwanda nayo izungumze na FDLR, na Uganda na ADF, maana nchi hizo zina waasi wao waliojificha katika misitu ya Kongo.

Sisi hapa tulifurahi sana. Nakumbuka tulivyokaa barazani tukinywa kahawa, na mimi nikiwafafanulia wenzangu ya kwamba hiyo ndiyo nasaha, na ya kwamba Rais wetu ametimiza haki ya jirani. Hata leo sijabadili neno hilo. Mtu ambaye mwanawe yumo vitani ana haki ya kusema juu ya vita hivyo, awe asemaye naye ni rafiki au si rafiki.

Lakini Rwanda ilikataa ushauri huo kwa uchungu, na mwezi wa Juni Rais Paul Kagame alisema maneno makali ambayo wengi huku kwetu waliyapokea kuwa ni vitisho. Mimi nilikasirika kama niliyetukanwa mwenyewe. Naona haya kulisema hilo, kwa sababu katika baraza ile nzima hapakuwa na mtu aliyestahili kuielewa hasira ya Wanyarwanda kuliko mimi.

Mwaka 1994 nilikuwako Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa mchana na usiku mmoja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia kwetu. Pale Benaco pakasimama kambi kubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Nilikwenda pamoja na walimu wenzangu kujitolea kugawa maji, tukakaa majuma matatu. Tulipofika Rusumo tuliona maiti zikiletwa na mto Kagera, zikaporomoka pamoja na maji, zikazunguka chini ya maporomoko, kisha zikaendelea na safari yao kuelekea Ziwa Viktoria. Wengine zilifungwa mikono. Na kambini, katika safu ya kungojea mahindi, walikuwamo wanaume waliofanya kazi ile. Watu walikuwa wakiwajua. Wao ndio waliokuwa wakiamrisha, na mgeni aliyeuliza mno alishauriwa aondoke kabla ya jua kuchwa. FDLR ni kundi lililotokana na watu wa namna hiyo. Ni kweli ya kwamba wengi waliokuwamo mwaka 2013 walikuwa watoto wadogo mwaka 1994, na ni kweli ya kwamba vita vya msituni mara chache humalizwa kwa risasi peke yake. Ushauri wa Rais wetu ulikuwa na hoja. Walakini kumwambia mtu aliyechinjiwa nduguze, "kaa na hawa uzungumze nao," ni kumgusa penye kidonda. Anayeshauri hana budi aonyeshe ya kwamba akijua kidonda kiko wapi. Sisi wa Ngara na Biharamulo tulikuwa tukijua, tena tuliona kwa macho, na barazani hapana aliyelikumbusha hilo. Mimi nisingalikosa la kusema, lakini nilipendelea kukasirika.

Sasa niirudie nyuma habari nyingine, maana mtu haujui uzito wa lawama mpaka atakapolaumiwa yeye.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza ya kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Yaliyotendwa huko Mutukula na Kyaka, wazee wa mkoa huu hawahitaji kusimuliwa. Kaka yangu alikuwa katika mgambo. Akaenda vitani, akafika Kampala iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Alirudi na sikio moja lisilosikia.

Wakati ule palikuwa na fitina ndogo misikitini, nami nataka vijana waijue. Baadhi ya wazee walinong'ona ya kwamba Amin ni Mwislamu mwenzetu, ya kwamba ameiingiza Uganda katika umoja wa nchi za Kiislamu, na ya kwamba Libya imempelekea askari. Basi wakauliza, itakuwaje tuombee ushindi juu ya Mwislamu? Imamu wetu wa siku zile, Mungu amrehemu, hakuwa msomi mkubwa, lakini aliwajibu kwa hadithi wanayoijua watoto wa chuoni: ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru mtu amsaidie ndugu yake, awe mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, na Masahaba walipostaajabu na kuuliza vipi amsaidie aliye dhalimu, akawaeleza ya kwamba kumzuia asidhulumu ndiko kumsaidia. Kisha akawakumbusha ya kwamba hata Waislamu hawakusalimika kwa Amin. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri wa serikali ya kabla yake, aliuawa mwaka 1973. Fitina ile ikafa.

Basi vita vikaisha, nasi tukajiona ni watu wa haki. Mwezi wa Julai 1979 viongozi wa Afrika wakakutana Monrovia, na huko Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria wakailaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka na kuiondoa serikali ya nchi nyingine. Tulikuwa tukisikiliza redio nyumbani. Baba akainuka akaizima. Akasema: "Amin alipokuwa akiua, walikuwa wapi hawa?" Na neno lake lilikuwa kweli tupu, kwa kuwa mwaka 1975 viongozi wa Afrika walikwenda kukutana Kampala, Amin akawa mwenyekiti wao, ilhali Tanzania ilikataa kuhudhuria. Lakini kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa vitani, akasema polepole: "Baba, wana haki ya kuuliza. Hata mimi najiuliza tutatoka lini kule." Baba hakumsemesha siku mbili. Majeshi yetu yalitoka Uganda mwaka 1981.

Katika habari hii kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua. Nigeria hiyo iliyotulaumu ndiyo iliyotusaidia mwaka 1964, askari wa Tanganyika walipoasi. Ilileta kikosi chake kikae kwetu mpaka jeshi jipya liundwe. Na Tanzania, iliyopewa msaada huo, tarehe 13 Aprili 1968 iliitambua Biafra, na kwa tendo hilo ikamwambia msaidizi wake wa jana ya kwamba vita vyake si vya haki. Hapana shaka Nigeria iliumia. Wengine husema hata leo ya kwamba Tanzania ilikosea, na ya kwamba vita vilipokwisha mwezi wa Januari 1970 maangamizi yaliyohofiwa hayakutokea. Yawezekana. Anayelaumu naye huweza kukosea. Miaka kumi na mmoja ikapita, Nigeria nayo ikatulaumu sisi. Na katika haya yote urafiki haukufa, wala sikusikia ya kwamba Mnigeria aliyekuwa akiuza nguo Dar es Salaam alifukuzwa kwa sababu ya Biafra, wala Mtanzania aliyekuwa akisoma Ibadan kwa sababu ya Monrovia. Nchi hizo mbili ziko mbali. Labda umbali ulitusaidia. Majirani wa ukuta mmoja wana mtihani mkubwa zaidi.

Narudi sasa mwaka 2013, kwa lile lililonifanya nisingizie shamba.

Mwishoni mwa Julai, Rais alipokuwa akizuru mkoa wa Kagera, alitoa muda wa majuma mawili kwa wageni wakaao bila kibali waondoke kwa hiari. Mwezi wa Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Serikali ilitaja sababu zake: ujambazi wa silaha na mifugo iliyoingizwa katika hifadhi. Sisi wa Biharamulo hatuwezi kusema sababu hizo zilikuwa za kubuni, maana tulipanda mabasi yaliyosindikizwa na polisi ndani ya pori letu wenyewe. Tena sisemi ya kwamba ugomvi wa Addis Ababa ndio uliozaa kufukuzwa kwa watu. Serikali haikusema hivyo. Nasema niliyoyaona. Mambo hayo mawili yalikuja katika msimu mmoja, na vinywa vile vile vilivyoilaani Kigali mchana vilikuwa vikihesabu jioni ni jirani gani ametoka wapi. Katika majuma machache makumi ya maelfu ya watu waliondoka katika mikoa yetu ya magharibi kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Wengi wao walikuwa wamekaa nchini miaka mingi, na nyumba zikagawanyika, mume huku na mke kule. Malori nayo hayakusahauliwa: ushuru wa barabara kwa gari la Rwanda ulipandishwa kutoka dola 152 hadi dola 500.

Mwadhini wetu alikuwa mmoja wa walioondoka. Mama yake alivuka naye akimbeba mgongoni, mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika machafuko ya wakati ule. Alikulia hapa, akakijua Kisubi kuliko mimi, akaoa hapa. Alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu na kadi ya zamani ya chama, lakini cheti cha uraia hakuwa nacho. Hakupata kudhani ya kwamba siku moja atakihitaji. Siku ya tatu baada ya tangazo alinijia usiku. Akasema: "Mwalimu, wewe unajua kuandika. Niandikie barua kwa wakubwa, useme ya kwamba unanijua." Nikamwambia, "Kesho, kaka, nikitoka shambani." Kesho sikuandika, wala kesho kutwa. Niliogopa watu wasije wakasema ya kwamba naficha Wanyarwanda. Na ikiwa nitasema kweli yote, nilikuwa bado na hasira na Kigali, na hasira hiyo niliielekeza kwa mtu aliyevaa ndala za matairi, kana kwamba yeye ndiye aliyenena mkutanoni.

Siku ya saba akaja tena. Safari hii hakuitaja barua. Akauliza kama nitanunua ng'ombe, kwa sababu hakuwa na muda wa kutafuta mnunuzi wala njia ya kuwavusha. Nilinunua ng'ombe wawili na ndama mmoja kwa shilingi 300,000, ilhali mnadani mmoja peke yake angepita bei hiyo. Nikajiambia ya kwamba nimemsaidia, kwa kuwa wengine wangewachukua bure. Alizihesabu zile fedha mara moja, akanishukuru, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata kijana mmoja aliadhini badala yake, akakosea maneno katikati. Imamu hakusema kitu. Kamati ya msikiti haikusema kitu. Mimi nilikuwa safu ya kwanza.

Nimefundisha watoto mara nyingi habari za Banu Jadhima, na nadhani wasomaji wengi wanaijua. Katika mwaka wa nane wa Hijra, baada ya Makka kufunguliwa, Khalid bin Walid (r.a.) alipelekwa kwa kabila hilo. Walitaka kusema ya kwamba wamesilimu, lakini wakatumia neno la zamani la kubadili dini, na Khalid akaona halitoshi. Akawaua baadhi yao na wengine akawafunga. Abdullah bin Umar (r.a.) alikataa kumwua mateka wake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo cha Khalid, akalikariri neno hilo mara mbili. Kisha wenye kuandika sira wasimulia ya kwamba alimpeleka Sayidna Ali (r.a.) na mali, akalipa dia ya kila aliyeuawa na fidia ya kila kilichopotea, hata chombo walichomwekea mbwa maji, na fedha zilizosalia akawaachia kwa ajili ya wasiyoyakumbuka.

Nawaomba vijana waitazame habari hii vizuri, kwa kuwa ndilo jibu langu kwao. Khalid hakuwa adui. Alikuwa amiri wa jeshi la Waislamu, na baada ya hapo aliendelea kuwa amiri wa Waislamu. Walakini kosa lake halikufunikwa kwa kuwa ni mtu wetu, wala halikunong'onwa pembeni. Lilikataliwa hadharani, na wote wakasikia. Basi dola rafiki ikipigana vita vya dhuluma, au ikivisaidia, yampasa rafiki yake aseme. Akinyamaza kwa ajili ya biashara ya barabara, au kwa kuogopa kununiwa katika vikao, huyo hamhifadhi rafiki yake, anajihifadhi mwenyewe. Na nasaha ya faragha ni bora ikitangulia, kama adabu yetu itufundishavyo, lakini watu wanapokufa kila siku faragha haiwezi kudumu mwaka mzima.

Hata hivyo, zamani nilipokuwa nikiisoma habari hii darasani nilikuwa nikiharakisha sehemu ya Ali. Niliiona kama mkia wa kisa. Leo nafikiri ndiyo iliyo ngumu. Kukana kitendo ni neno, na neno la kumlaumu mwingine ni tamu kinywani. Nililionja barazani mwaka 2013. Kulipa mpaka chombo cha mbwa kunataka mtu atazame zizi lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikisema juu ya haki za Kongo huku ng'ombe wa mwadhini wakilala kwangu.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkiniuliza juu ya mwaka 2025, nasema hivi. Tarehe 8 Februari wakuu wa Afrika Mashariki na wa Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaagiza mapigano yasimamishwe mara moja na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Tarehe 21 ya mwezi huo huo Baraza la Usalama, kwa azimio la 2773, likalitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka litoke Kongo. Mimi ningalipenda jina hilo litajwe kwanza na sisi majirani, tena kwa upole, na katika pumzi hiyo hiyo tutaje waliouawa mwaka 1994 na hao waliowaua walio hai mpaka leo misituni. Lingalitoka kwa mtu aliyeziona maiti za Rusumo, lingekuwa na uzito mwingine kuliko likitoka New York. Najua kwa nini lilikuwa gumu. Waliokumbuka mwaka 2013 walijua hasira ya jirani yapita wapi: yapita katika daraja la Rusumo, juu ya vichwa vya watu wa chini. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuahidiana mapema ya kwamba marais wakigombana mkulima na dereva hawataguswa, wala si kunyamaza juu ya Goma. Na siku Mnyarwanda atakapotuuliza juu ya majuma yale ya Agosti na Septemba, tusizime redio.

Marais wenyewe walipatana upesi. Kikwete na Kagame walikutana Kampala tarehe 5 Septemba 2013. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua kwa pamoja daraja jipya na kituo cha mpakani pale Rusumo, na mwezi wa Julai Kagame akaja Dar es Salaam kufungua maonyesho ya Sabasaba. Wakati huo ng'ombe wangu walikuwa wamekwisha zaa.

Mwadhini alikuja kututembelea mwaka 2017, kwa basi, na kibali cha mgeni mfukoni. Sasa akaa wilaya ya Kirehe, ng'ambo ya Rusumo. Alisali nasi, akaombwa aadhini, akasema sauti imekwisha. Nilimkaribisha chakula, tukala, tukazungumza habari za mvua. Sikumwambia neno, naye hakunidai.

Baada ya swali la vijana wale nilikaa siku mbili nikipiga hesabu. Nikampelekea, kwa mkono wa dereva wa lori ninayemwamini, thamani ya ng'ombe wawili na ndama kwa bei ya mnada ya mwaka 2013, nikitoa zile 300,000, kisha nikaongeza thamani ya ndama wawili waliozaliwa kwangu. Dereva aliporudi alinirudishia fedha za wale ndama wawili, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Alinisalimu na jamaa zangu wote, akasema ndama waliozaliwa kwangu walikula majani yangu, hawezi kuwalipiza. Chini akaongeza ya kwamba ile barua bado anaihitaji, kwa kuwa mkewe na watoto wake wawili wangali Kaniha, na kila akija huandikwa mgeni.

Barua hiyo nimeiandika juma lililopita, kurasa mbili. Nimesema ndani yake ya kwamba namjua tangu utoto wetu, na nimesema pia ya kwamba imechelewa miaka kumi na zaidi na kwa sababu gani. Wazee wanne wametia sahihi; wawili wamekataa. Imamu amenipa ruhusa niisome msikitini Ijumaa hii baada ya sala, kabla haijapelekwa kwa wakubwa, ili mwenye kutaka kutia jina lake atie.